Dhiraa Ishirini kwa Kumi na Sita

Barua ya Sada ilinikuta Tanga, katika chumba changu cha kupanga, siku ambayo nilikuwa nimeshafunga mizigo kuhamia chumba kingine mtaa wa pili. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari. "Mwalimu, baba ametutoka. Alipokuwa mgonjwa alikutaja mara mbili. Alisema una kitu chako kwake na kwamba kitu hicho hakitumwi kwa mtu. Ukiweza njoo Wete." Baba yake Sada alikuwa Fundi Kombo, aliyejenga nyumba ambayo niliipangia mimi, nikaipigia hesabu mimi, na sikulala ndani yake hata siku moja. Nilipomaliza kuisoma barua ile, Mungu anisamehe, sikumwombea marehemu kwanza. Niliisoma mara ya pili nikitafuta mtego. Kitu gani changu kiwe kwa Fundi Kombo zaidi ya miaka ishirini? Na kwa nini nikichukue mwenyewe? Hivyo ndivyo nilivyo, na nadhani mwaka mmoja tu wa maisha yangu ndio ulionifanya hivyo, kisha ikabaki. Nimekaa Unguja, Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na Tanga. Kila chumba nilichopanga nimekipima kwa macho kabla ya kuweka sanduku chini, na kila mwenye nyumba nimemshuku kwamba ananipunja. Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka skuli ya sekondari Unguja, nasomesha watoto wa kike Wete, na nina mume.

Mume wangu aliitwa Faki. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri hupanda baiskeli kwenda Tumbe, hununua pwani wakati samaki wanashushwa, na kabla ya jua kuwa kali keshafika Wete na matenga mawili nyuma, mashati yake yote yana mstari wa chumvi mgongoni. Tulikaa kwa mama yake, Bi Mize, katika chumba cha nyuma ambacho kilitenganishwa na chumba chake kwa ukuta wa fito usiokandikwa hadi juu. Sehemu ya juu ilikuwa wazi kiasi cha mkono. Kupitia pale nilisikia kila kitu, na naye alisikia kila kitu, na kwa hiyo mimi na Faki tulijifunza kusema kwa sauti ya watu waliomo msikitini. Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kumsingizia. Bi Mize alikuwa bingwa wa shelisheli la nazi, na papa mkavu wake hata leo sijaonja mfano. Lakini alikuwa na tabia ya kuhesabu vipande. Alipakua akisema kwa sauti, "Cha Faki, cha Bakar, changu, cha Mwalimu," na changu hakikuwa kidogo wala kikubwa, ila nilikiona kidogo. Bakar alikuwa kaka yake Faki. Alikuja kula kila mchana ijapokuwa alikuwa na mke na jiko lake.

Ndipo tukaanza kupanga nyumba yetu. Faki alikuwa amenunua kiwanja kwa fedha za misimu miwili ya karafuu, pembeni mwa njia inayokwenda Gando. Kilikuwa kiwanja kidogo chenye mgomba mmoja, cha kwake peke yake, si cha ukoo. Fedha za nyumba tuliziweka katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, zake za samaki na zangu za skuli, na hesabu nikaiweka mimi katika daftari la mistari lililobaki darasani. Bado nalikumbuka ukurasa kwa ukurasa. Nguzo za kuta za nje, korja tatu. Pau, korja nne. Fito, mizigo kumi na mbili. Makuti elfu moja na mia mbili. Kamba za makumbi. Misumari ratili mbili. Mchele, nazi na papa wa kuwapikia watakaokuja kukandika. Kilemba cha fundi. Mwisho kabisa niliandika: mlango wa mbele wa mbao za mfenesi, wa seremala. Nilijumlisha, nikajumlisha tena, nikachukua kalamu nikaufuta mlango. Faki alikuwa nyuma yangu anatafuna muhogo. "Mbona wauondoa?" akaniuliza. "Hautoshi. Tutaweka mlango wa makuti kwanza." Akasema, "Nyumba ya mwalimu iwe na mlango wa makuti? Watoto watakucheka." Nikamwambia watoto hawapigi hesabu. Akatazama mstari ule niliofuta kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, na mimi nikajiuliza anachotazama.

Fundi Kombo alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, mtu mfupi, mweusi, mwenye kofia ya kiua iliyokuwa imegeuka rangi ya udongo. Aliketi uani kwa Bi Mize, akalainisha mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kijiti. Ukumbi katikati, vyumba viwili huku, viwili kule, jiko nyuma. "Dhiraa ishirini kwenda huku, kumi na sita kwenda huku," akasema. Mimi nilikuwa nimeketi kando na daftari langu na rula ya skuli. Nikamuuliza ni futi ngapi. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Futi? Futi ya nani, Mwalimu? Ya Mwingereza? Huyo Mwingereza atakuja kulala humu?" Faki naye akacheka. Nikamwambia kwamba dhiraa ya mtu mmoja si sawa na ya mwingine, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole wengine wana mikono mirefu na wengine mifupi. "Ndiyo maana!" akasema fundi. "Nyumba hupimwa kwa mkono wa mwenyewe. Nakata kijiti sawa na mkono wa mwenye nyumba, napima nacho, nacho nakiweka. Akitaka kuongeza chumba baada ya miaka kumi, kijiti kipo. Nguzo ndizo nazipanga kwa hatua yangu miye, kila hatua nguzo moja. Basi. Hesabu zako ziandike upendavyo." Niliziandika. Mchana ule Faki alipokuwa anakula, nilimwambia anyooshe mkono wa kushoto juu ya mkeka, nikaupima kwa rula. Inchi ishirini kamili. Fundi nilimhesabia hatua moja kuwa futi mbili. Mzunguko wa nyumba dhiraa sabini na mbili, futi mia na ishirini, nguzo sitini. Korja tatu bila kubaki hata moja. Nilijisikia fahari sana. Nikatafuta ufito nikaukata sawa na mkono wa Faki, nikauweka ndani ya daftari kama mtu anayeweka ushahidi, na wakati ule hapakuwa bado na kesi.

Kesi zilikuwa nje. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa siasa, na yeyote aliyekuwa Pemba siku hizo hahitaji kuelezwa. Watu waliacha kununua katika duka fulani. Watu walihesabu nani amekwenda mazishi ya nani. Katika chumba cha walimu tulikunywa chai tukitazamana vikombe. Ukimsalimia mtu njiani, jirani anakuuliza jioni, "Yule mwamjuana toka lini?" Hata orodha yetu ya watakaokuja kukandika iliingia katika jambo hilo. Faki alitaka kuwaalika wote, kwa kuwa udongo haujui kura. Bakar alisema baadhi yao wakikanyaga udongo ule yeye hakanyagi. Nikaandika majina, nikafuta, nikaandika. Niliona kwamba hesabu ya nguzo ni rahisi kuliko hesabu ya watu, na polepole, bila kujua, nikaanza kuwatazama watu wa nyumba ile kama nilivyokuwa natazama ukurasa ambao jumla yake haikubali.

Siku moja nilitoka skuli mapema kwa sababu ya mvua. Bi Mize na Bakar walikuwa chumbani mwake, na mimi niko upande wa pili wa ukuta natunga maswali ya mtihani. "Chumba cha mbele upande wa kibla changu," alisema Bi Mize. "Miguu hii haiwezi tena kupanda ngazi ya nyumba hii." Bakar akasema, "Na kile kingine cha mbele wanangu wakija kusoma mjini watalala." "Na wenyewe?" "Wenyewe wawili tu, mama, chumba cha nyuma kinawatosha. Hata mtoto hawana." Bi Mize akasema jambo ambalo nimelibeba Mombasa na Lamu na kila mahali: "Mke anaweza kuwa huyu, anaweza kuwa mwingine. Nyumba ya Faki ni nyumba yetu." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesema leo mchele umeiva vizuri. Nilikaa na kalamu mkononi. Faki aliporudi nilimsimulia kwa sauti yetu ya msikitini. Hakushangaa. Alikaa akifuta magamba ya samaki mikononi, akasema, "Nimesikia. Niachie." "Nikuachie nini?" "Niachie, Zuhura." Mke aliyesikia neno lile kuhusu "mwingine" hawezi kuridhika na "niachie".

Baada ya siku ile Faki alianza kukutana na Fundi Kombo mbali na mimi. Niliwakuta barazani kwa muuza kahawa wameinamiana. Waliponiona, fundi akaanza kuzungumzia bei ya makuti kwa sauti kubwa, na hakuna mtu anayezungumzia makuti kwa furaha kiasi kile. Siku nyingine, nikiwa nyuma ya ua naanika nguo, nilimsikia Faki akisema, "Asijue kwanza. Wala mama. Siku ya kuhamia ndiyo nitasema." Fundi akajibu, "Yakhe, mambo haya hayafichiki. Ukuta wenyewe utasema." Nikabaki nimeshika kanga iliyolowa, maji yananitiririka viwikoni. Siku ya tatu yake fundi akaja nyumbani wakati nachambua mchele, akiwa na utepe wa ukindu mkononi. "Nyoosha mkono, Mwalimu." "Wa nini?" "Wa uchaga wa jikoni. Nisije nikaufunga juu, ukawa waparamia kama paka." Nikaunyoosha. Akaweka utepe kutoka kiwiko mpaka kidole cha kati, akaukata kwa meno. "Mfupi mkono huu," akasema. "Lakini unafika." Bi Mize alicheka kutoka jikoni: "Kwenye chakula unafika, usihofu!" Sote tukacheka. Nilidhani ni mzaha wa uchaga, na nikausahau.

Nguzo zilikuja kwa gari la ng'ombe, korja tatu, magome yake mekundu bado yana tope la mikoko. Nilizihesabu mwenyewe, nikaziwekea alama ya chaki. Wiki iliyofuata fundi na watu wake walisimamisha nyumba mimi nikiwa darasani. Nilipopita jioni kabla ya magharibi, kitu kilichosimama pale kilinikaa vibaya machoni. Nyumba isiyo na ukuta huonekana ndogo, hilo najua. Lakini nilizunguka nikihesabu nguzo, na nilipofika pale nilipoanzia nilikuwa na hamsini na moja. Nikazunguka tena kwa kurudi nyuma. Hamsini na moja. Chini hapakuwa na nguzo iliyolala. Bi Asha, jirani wa kiwanja kile, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Alikuwa mwanamke wa maneno ambaye hakupenda habari ipite bila kuishika. "Watafuta nini, Mwalimu? Zako zimekwenda Gando."

"Zimekwenda Gando nini?"

"Nguzo. Asubuhi, gari la ng'ombe, na mumeo mbele na baiskeli yake. Nikamwambia, hee Faki, wajenga huku, wajenga na kule? Akacheka." Akaegemea ufagio. "Kule kwa kina Time, nadhani. Yule binti aliyerudi kwao. Babake seremala, waweza kuwa mambo ya useremala." Alilitamka neno la mwisho kwa namna ya kulichezea mdomoni. Time nilimjua kwa sura. Aliachwa mwaka uliotangulia, mwanamke mrefu, mtaratibu, na Faki alikuwa akiwauzia samaki pale kwao kila alipopata changu wa kubaki.

Kesho yake sikwenda skuli. Nilichukua ufito wangu uliokatwa sawa na mkono wa Faki, nikaenda kiwanjani saa ambayo najua mafundi wanakunywa uji. Nilipima kutoka nguzo ya pembe mpaka nguzo ya pembe, nikiweka kidole na kusogeza ufito, nikiweka kidole na kusogeza. Kumi na saba. Nilipima tena, safari hii polepole, nikihesabu kwa sauti. Kumi na saba. Upande wa pili badala ya kumi na sita nilipata kumi na tatu na zaidi ya shibiri. Ilikuwa wazi kama jua. Walikuwa wameipunguza nyumba yangu kwa siri, ili nguzo tisa zipatikane za kuanzia nyumba nyingine Gando. Neno la Bi Mize, neno la Faki nyuma ya ua, gari la ng'ombe, binti aliyeachwa: kila kitu kilikaa mahali pake. Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Jumla inapokubali hivyo, mtu hatafuti kosa tena. Nafikiri hapo ndipo nilipokosea, na siku zote nimeona ajabu kwamba nilikosea pale ambapo nilikuwa makini kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Sikusema kitu siku tisa. Nilipika, nilikula, niliandika gharama za mchele. Nilimtazama Faki akilala. Nilinusa mashati yake, kama kwamba chumvi ya Gando ina harufu yake. Aliniuliza mara moja, "Una nini?" nikamjibu, "Niachie." Kisha ikafika siku ya kukandika. Walikuja watu kama arubaini, hata wale ambao Bakar alisema hatakanyaga nao udongo, na yeye akaukanyaga nao hadi magotini, kwani alikuwa anakikandika chumba cha wanawe. Wanawake tulipika nyuma, wali wa nazi masufuria matatu. Wanaume waliimba na kupigana madonge ya udongo. Ilikuwa siku nzuri, na mimi niliingoja kama mtu anavyongoja baraza la mahakama. Walipoketi kula, Bi Mize akiwa kwenye kiti peke yake kama mwenye shughuli, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Chumba changu mkipige udongo vizuri, sitaki mchwa." Nikaweka sinia chini. "Mchwa wapo tayari, mama," nikasema. "Wameshakula nguzo tisa."

Nilitoa ufito kwenye kanga. Nilisema yote: nyumba ilikuwa ya dhiraa ishirini, imekuwa ya kumi na saba, nguzo sitini zimekuwa hamsini na moja, na kama kuna mtu anataka kujua zilikwenda wapi aulize njia ya Gando. Nilimtaja Time kwa jina. Mtu mmoja aliguna. Faki alisimama na tonge mkononi. Alinitazama, akamtazama mama yake, akamtazama Bakar ambaye uso wake ulikuwa na udongo na tabasamu. Akamgeukia Fundi Kombo. Fundi alikuwa anatazama mkeka. Nakumbuka niliona midomo yake ikifunguka, na Faki akamtikisia kichwa, kidogo sana. Kwangu huo ulikuwa ndio ushahidi wa mwisho. "Sema," nikamwambia Faki. "Kama ni uongo, sema mbele ya watu hawa." Akasema, "Sitasema hapa." Nikavua kitambaa cha kupikia, nikakiweka juu ya sinia, nikaondoka. Baada ya siku mbili nilikuwa Chake Chake, kwa shangazi yangu, nikisubiri kuombwa msamaha.

Alikuja mara moja tu. Shangazi alimpa kahawa, hakuinywa. Alikuwa amevaa kanzu, jambo ambalo hakulifanya siku za kazi. "Rudi," akasema. "Nyumba imekwisha kuezekwa. Nitakueleza ndani ya nyumba."

"Nieleze hapa."

"Hapana. Ni jambo la kuelezwa mle ndani."

"Kwa sababu mle ndani hakuna shahidi."

Akamtazama shangazi yangu, akatazama mlango wazi na watu wanaopita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilitaka mengi. "Weye umepima nyumba kwa mkono wa nani?" akaniuliza ghafla. Nikamjibu kwa hasira, "Wako! Wa nani mwingine?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la huzuni ambalo nilidhani ni dharau, akainuka. Niliomba talaka kwa barua na ikaja kwa barua. Baada ya eda nilivuka kwenda Unguja, na toka hapo nimekuwa navuka. Mwaka wa pili nilisikia amemwoa Time. Nilipopata habari ile nilikuwa Mombasa nakaanga samaki, na nilifurahi. Nilisema peke yangu jikoni, kwa sauti: "Niliwaambia." Kwa miaka mingi furaha ile ilikuwa ndiyo nyumba yangu.

Nilifika Wete matanga yameshaanuliwa. Sada alikuwa uani, mwanamke mzima mwenye watoto, na alinikumbatia ingawa mara ya mwisho kumwona alikuwa wa kubebwa. Alinipa chai na boflo, akaingia ndani, akatoka na furushi la vijiti vilivyofungwa kwa kamba ya makumbi, vingi kiasi cha kuni za siku moja. "Vya nyumba zote alizojenga," akasema. "Vile vya walio hai tunawapa wenyewe. Hiki chako." Kijiti kilikuwa cheusi kwa moshi, na kwenye kichwa chake kulikuwa na herufi za Kiarabu zilizochongwa kwa kisu. Nilizisoma: Zuhura. Nikamwambia Sada mimi sikujenga nyumba. Akainua mabega. "Baba alisema Marehemu Faki alimwambia, nyumba ni ya mke wangu, pima kwa mkono wake, ili hata mama na Bakar wakija kudai, mafundi wote wa Wete waweze kutoa ushahidi kwamba kijiti si changu." Niliweka kijiti kwenye mkono wangu. Kilianza kwenye kiwiko na kikaishia kwenye ncha ya kidole.

Hata hapo, sikuamini. Kijiti hukatwa siku yoyote. Niliuliza habari za nguzo tisa. Sada alisema zilibaki kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo kuliko hesabu yangu, na Faki alizipeleka Gando kwa babake Time kuzibadilisha na mlango wa mfenesi. Nikafikiri: nguzo tisa kwa mlango mmoja? Mbona nyingi? Na kwa nini baadaye akamwoa? Nilijikuta nafanya hesabu na chai ikipoa. Nikainuka nikaenda.

Nyumba ipo. Imeezekwa bati sasa, kuta zimekandikwa upya mara nyingi, lakini nguzo za pembe ni zilezile, na mlango ni wa mfenesi, wa manjano iliyokolea kuwa hudhurungi. Time alikuwa barazani anasuka mkeka. Amezeeka vizuri. Faki amekufa miaka sita sasa, na Bi Mize kabla yake. "Karibu, Mwalimu," akasema kabla sijataja jina. Alinipa maji. Tukaulizana hali kwa kirefu, kama watu wanaoogopa kumaliza salamu. Kisha nikamwomba ruhusa ya kupima ukuta wa mbele. Hakuuliza sababu. Niliacha kijiti kwenye mkoba. Niliinama, nikaweka kiwiko kwenye nguzo ya pembe na kulaza mkono wangu juu ya udongo, nikaweka alama kwa kidole, nikasogea. Mgongo uliuma. Watoto wawili walikuja kutazama wakafukuzwa. Nilipofika nguzo ya pili ya pembe, kidole changu cha kati kiligusa mti wake. Ishirini. Haikupungua wala kuzidi. Inchi kumi na saba za mkono wangu mara ishirini, sawa na ishirini za Faki mara kumi na saba, na mimi ndiye mwalimu wa hesabu, na mara zote nilipima kwa mkono wa mtu mwingine.

"Ni ngapi?" aliuliza Time nyuma yangu.

"Ishirini. Kwa mkono wangu."

Alikuwa amesimama, mkeka umeanguka miguuni. "Miaka yote hii," akasema, "nimekaa humu, nimezaa humu. Bakar alikuja kudai, marehemu akamwambia nyumba ina mwenyewe. Nikidhani anasema mimi." Akatazama mkoba wangu, viatu vyangu, mikono yangu yenye udongo. "Umekuja kuidai?"

"Nimekuja kupima tu."

"Kupima tu," akarudia. Aliniangalia kwa macho ambayo nayafahamu kuliko uso wangu mwenyewe. Niliyavaa mwaka mzima katika chumba chenye ukuta usiofika juu. Ningeweza kuapa pale, asingeniamini. Na mimi nisingemwamini ningekuwa yeye. Nilitaka kumuuliza habari za nguzo tisa. Swali lilinijia hadi kwenye meno, nikalimeza. Nilitoa kijiti chenye jina langu nikamwekea barazani juu ya mkeka wake, nikamwambia akitie jikoni pamoja na kuni. Hakukigusa.

Nilipofika kwenye njia ya Gando niligeuka. Time alikuwa ameinama mbele ya nyumba, kiwiko kwenye nguzo ya pembe, mkono wake mrefu ameulaza juu ya ukuta, midomo inacheza ikihesabu. Sikungoja kuona alifika ngapi.